Jaketi Namba Kumi na Tisa

Kazi yangu ni kuharibu vitu vipya kwa utaratibu.
Nalipwa kwa hilo kila tarehe ishirini na nane,
na mama mpaka leo, akiulizwa huko Igogo,
anajibu, "Nyanjige yuko kwenye mambo ya mahema,"
kisha anageuza mazungumzo, anauliza bei ya dagaa.

Buti nimezitembeza juu ya mawe ya Luchelele
hadi soli zikaachama kama sato juani.
Mahema nimeyalalia saba, masika yote:
moja lilivuja kwenye mshono, juu ya paji la uso,
tone, nikahesabu hadi kumi na moja, tone;
moja pimbi walilitafunia kamba;
na moja, lile la bei kubwa, lilinihifadhi vizuri mno
nikachelewa kazini, na kazi yenyewe ilikuwa kulala.

Taa za kichwani nimezizamisha kwenye ndoo.
Makoti ya mvua nimesimama nayo chini ya bomba
huku Musiba ameshika saa, anacheka.
Halafu fomu. Siku zote fomu.
Zipu: alama ngapi kati ya kumi?
Rangi: inapendeza?
Je, ungemshauri rafiki yako anunue?

Jumanne tulifungua boksi la majaketi okozi,
rangi ya machungwa, bado yananukia duka,
filimbi inaning'inia begani kama hereni.
Lebo inasema: saa ishirini na nne. Kilo mia moja.
Musiba, mzaliwa wa Ukara, lebo hakuitazama.
Alibonyeza sponji kwa kidole gumba,
vile unavyobonyeza parachichi sokoni,
akasema, "Maji hayajui kusoma."

Tukaingia ziwani saa kumi na mbili alfajiri.
Magugumaji yalikuwa yamesogea pembeni,
Kapripoint ng'ambo bado ina taa mbili tatu.
Mzigo ni mimi: kilo sitini na nane, na suruali ya jinzi,
maana hakuna anayezama akiwa amejiandaa.

Saa ya kwanza nilielea kama mheshimiwa.
Saa ya pili nikawahesabu mnandi
waliokuwa wakianika mabawa juu ya jiwe.
Saa ya tatu kidevu kilionja maji.
Sikusema. Nilidhani nimechoka mimi.
Saa ya nne na dakika kumi maji yako mdomoni,
na jaketi lile, lililokuja kunishika,
limeanza kunivuta kwa upole,
kama mwenyeji anayekutangulia ngazi, mkono wako mkononi mwake.
Nikapuliza filimbi.
Filimbi ikatema maji.

Musiba alinivuta kwa upondo. Hakucheka.
Tukalitundika jaketi kwenye mzani wa samaki.
Alfajiri halikufika kilo moja. Sasa ulisoma sita.

Kwenye fomu nikaandika: moja.
Bwana Kweyamba akavua miwani.
"Moja? Kati ya kumi? Rangi je? Mikanda je?
Filimbi si ilikuwepo?
Ukijumlisha vyote, binti, inafika sita."
Si mtu mbaya. Alikuwa anajumlisha tu.
Nikamwomba alivae.
Akatazama dirishani, ziwa limetulia kama chai kwenye kisosi,
akasema ana kikao.

Jioni nikapita Kirumba, kwenye maduka ya nyavu,
nikayakuta yametundikwa mlangoni,
machungwa yaleyale, filimbi ileile,
bei ya zamani imekatwa kwa kalamu nyekundu.
Mama mmoja alikuwa anampimia mwanawe:
"Geuka. Inua mikono. Linakubana?"
Mtoto anapuliza filimbi, anafurahi nayo.

Nywele zangu bado zilinuka ziwa.
Nikasema, "Dada, libonyeze kwanza.
Hapo, chini ya kwapa. Bonyeza, uliache, uone."
Mwenye duka akaweka chini kikombe chake,
akaniuliza mimi ni nani hasa.

Mimi?
Kilo sitini na nane.